Muulize Mjomba: Maua ya vilima vyetu vya Kusini, picha zake na majina yake

Mvua zikishaanza tu kunyesha huku kwetu simu yangu inajaa picha za maua, kutoka Newala, Masasi, Nachingwea, Rondo, kila mtu anauliza Mjomba hili ua gani. Nafurahi kweli kweli, yaani naona watu wameanza kuinamisha macho chini wakipita porini. Ila kuna jambo moja linajirudia karibu kila siku, mtu ananitumia ua limejaza kioo kizima, petali tu, hakuna jani, hakuna shina, hujui limeota juu ya mwamba au pembeni ya shamba la korosho. Picha nzuri ukutani, ila jina hautalipata humo. Kwa hiyo mwezi huu nimechagua maswali yanayohusu hilo hilo, kupiga picha ambayo mtu mwingine akiiangalia anaweza kusema huu mmea fulani, na kuuacha mmea wenyewe palepale ulipo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala. Tulitoka na wanafunzi kwenda Shimo la Mungu kuangalia bonde, njiani pembeni tukakuta ua limepanda kwenye kichaka, jekundu lenye kingo za njano, petali zimegeukia juu zote. Watoto wakaniuliza jina nikakwama. Nakutumia picha tatu, samahani ya tatu imeharibika, ua halionekani vizuri.

Marahaba mwalimu, hongera kwa kuwatoa watoto darasani. Hiyo ya tatu unayosema imeharibika ndiyo iliyonisaidia kuliko zote! Mbili za kwanza ni nzuri, nyekundu imeiva, lakini ya tatu ulipotikisika ukapiga jani, na ukilikuza jani lile utaona ncha yake haikuishia hivi hivi, imejikunja ikawa kikono chembamba kimeshikilia tawi la jirani. Mmea unapanda kwa ncha za majani yake. Ukichanganya na petali sita zenye kingo za mawimbi zilizogeukia juu, na stameni sita, vile vijiti vinavyobeba chavua, zilizotawanyika pembeni chini yake, hapo hakuna ubishi, hiyo ni Gloriosa superba. Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa.

Rudi tena kwenye picha ya pili uangalie katikati kabisa, utaona kijiti kimoja kinatoka kwenye ovari, kile kifuko kinachokuja kuwa tunda, kimepinda ghafla kwenda pembeni, wala hakijasimama wima kama ulivyozoea kuwachorea watoto ubaoni. Hicho ndicho kinachopokea chavua, na kupinda kwake ni alama nyingine ya mmea huu. Waonyeshe wanafunzi, nina uhakika watafurahi kukiona wenyewe.

Sasa mambo mawili mwalimu. La kwanza, ua hili linabadilika rangi, linafunguka likiwa la kijani na njano, siku zinavyokwenda wekundu unapanda mpaka linakuwa jekundu karibu lote. Mtu asipoandika tarehe atadhani kapiga maua mawili tofauti. Lifanyeni zoezi, ua lilelile, mkao uleule, kila siku picha moja mpaka linyauke.

La pili ni zito na naomba uliseme darasani kesho: mmea huu ni sumu, wote, na kiazi chake chini ndiyo sumu zaidi. Una kolchisini, kitu ambacho hospitali wanakitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo, lakini mtu akila kiazi kile akidhani ni kiazi kikuu cha porini anaweza kufa. Watoto wanaochimba vitu porini wakati wa njaa ya kabla ya mavuno waambiwe waziwazi. Kupiga picha hakuna shida, kugusa jani si tatizo kubwa, ila hakuna kuchimba na hakuna kutafuna, na mikono ioshwe.

Na ukipata bibi au babu hapo Newala anayelijua kwa Kimakonde, andika jina analosema na kijiji alichotoka. Usilichukulie kama ndiyo jibu la mwisho maana jina moja linaweza kubeba mimea miwili mitatu, lakini liandike, ni sehemu ya kumbukumbu ya picha.

SWALI: Mambo vipi Mjomba, mi ni dereva boda hapa Masasi. Nikiwa sina abiria napanda vilima vya hapa mjini kupiga picha maua kwa simu, simu yenyewe ya kawaida. Shida maua meupe yanatoka meupe pee hamna kitu ndani, mekundu yanatoka kama rangi ya kopo, na mengine yanatoka ukungu ukungu. Afu kuna kimmea kiko juu ya mwamba mtupu, kiangazi nilijua kimekufa, mvua mbili tatu kimetoa maua. Ni nini hicho?

Poa kabisa mdogo wangu, na umenigusa penyewe maana mi vile vilima vya Masasi navipenda sana, mwamba mtupu umesimama peke yake katikati ya tambarare, na mimea ya juu yake ina maisha yake ambayo ya chini haina.

Tuanze na picha. Ukungu ukungu kwanza futa lenzi, simu ya dereva boda inakaa mfukoni na vumbi na jasho, futa kwa kitambaa safi cha pamba kila unapotaka kupiga. Sababu ya pili unasogea karibu mno, simu nyingi ukifika karibu sana fokasi inagoma inaenda kushika majani ya nyuma. Rudi nyuma kidogo afu kuza mara mbili, usizidishe hapo. Gusa kioo pale penye katikati ya ua, penye stameni, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge. Bana viwiko mbavuni au lala kabisa chini, usione aibu, maua ya mwambani mengi ni mafupi na ukipiga ukiwa umesimama unapata kichwa chake tu.

Hiyo ya meupe kutoka pee ni mwanga umezidi. Simu inaangalia mwamba mweusi ulioko nyuma inaona giza, inaongeza mwanga kwenye picha nzima, ua jeupe linaungua. Ukishagusa kioo kuna kialama cha jua kinatokea pembeni, kivute kishuke mpaka uanze kuona mishipa kwenye petali. Picha itaonekana nyeusi nyeusi kidogo, usijali, giza unaweza kuliinua baadaye ukiediti, lakini petali iliyoungua hairudi, hakuna kitu pale cha kurudisha. Mekundu hivyohivyo, shusha. Na zima zile filta za kunogesha rangi, maana mtu anayetafuta jina anahitaji rangi ya kweli, zambarau ikigeuka bluu umempoteza.

Muda wako ni asubuhi, jua likichomoza mpaka kama saa tatu. Upepo haujaamka, mwanga umelala, na kuna maua ukichelewa huyapati kabisa, mfano Commelina, yale magugu laini yenye kiua cha bluu, mchana hayapo yameshajifunga. Ukilazimika kupiga saa sita, simama wewe mwenyewe uzibe jua, kivuli cha mwili wako kifunike ua lote, siyo nusu. Flashi achana nayo.

Haya, kimmea chako. Nimeangalia picha zako zote na nimefurahi umepiga shina, wengi wangepiga ua tu. Shina fupi limefungwa na masalia makavu ya majani ya zamani, jeusi jeusi, unaona kama kijiti kilichobaki kwenye moto, juu yake kishada cha majani membamba marefu na ua la zambarau lenye petali sita juu ya kikonyo kirefu chembamba. Hiyo ni jamii ya Xerophyta. Hawa ni mimea ya miamba na kazi yao ndiyo hiyo uliyoiona: kiangazi kinapokolea majani yanakauka kabisa yanabaki na maji kidogo mno, mmea mwingine ungekufa, huu seli zake zinajipanga zinahifadhi kila kitu, mvua ikinyesha yanaanza kunyonya maji na ndani ya siku chache kijani kimerudi. Wanasayansi wanaisoma sana mimea ya aina hii wakitafuta siri ya mazao yanayostahimili ukame.

Ila jamii ya Xerophyta ina ndugu wengi wanaofanana, kwa hiyo jina la pili, la aina yenyewe, sikupi kwa picha hizi. Ukirudi, piga jani kwa karibu kwenye kingo, uone kama kuna vimeno au vinywele, piga kikonyo cha ua na kile kifuko kilicho chini ya petali kama kina vinywele au kina utelezi, na weka sarafu au kalamu pembeni tujue ukubwa. Hivyo vinywele vya kwenye kifuko mara nyingi ndivyo vinavyoamua.

Na usikanyage yale mazulia ya nyasi yanayofunika mwamba, mdogo wangu. Udongo wa pale ni kiganja tu, umechukua miaka mingi kukusanyika, ukibanduka na kiatu mvua inauosha wote na mwamba unabaki uchi. Pita penye jiwe tupu. Mvua ikiwa imenyesha usipande, jiwe likilowa linateleza vibaya, na nyuki wa kwenye nyufa usiwachezee. Vilima vingine vina wenyewe, kama Mtandi pale penye kanisa kuu la Anglikana, piga hodi kwanza, wanakuruhusu.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi ni mama mkulima huku Rondo. Mjukuu wangu ndiye anayeandika. Kwenye shamba langu la mahindi kuna viua vidogo vyekundu vizuri sana, vifupi, vimetokea kati ya mistari, watoto wanachuma wanaweka kwenye chupa. Mjukuu kapiga picha anasema tuulize kama ni maua ya mlimani yameshuka.

Sijambo mama, shikamoo. Mwambie mjukuu picha yake ni nzuri mno, imeonyesha ua, majani membamba, na mahindi yenyewe nyuma yamenyong'onyea na kugeuka njano, na hayo mahindi ndiyo jibu. Mama, hicho ni kiduha. Hakijashuka mlimani, kimetoka ardhini kwenye mizizi ya mahindi yako. Jina lake la kitaalamu Striga asiatica, na kinachofanya ni kung'ang'ania mzizi wa mhindi au mtama kikanyonya maji na chakula, kabla hata hakijachomoza juu kimeshakudhulumu.

Uzuri wake usikudanganye. Mmea mmoja unatoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo zaidi ya vumbi la unga, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri harufu ya mzizi wa nafaka. Kwa hiyo viua vyote ving'olewe sasa hivi kabla havijafunga mbegu, na vile ambavyo vimeshaanza kukauka usivitupe pembeni ya shamba, vichomwe. Zile za kwenye chupa vilevile zichomwe. Msimu ujao pale usipande mahindi, panda ufuta au kunde au karanga. Mizizi ya mazao hayo inaziamsha mbegu za kiduha zinaota, halafu hazipati cha kunyonya zinakufa. Na ufuta Lindi nzima tunaujua, bei yake nayo inaeleweka. Samadi nayo inasaidia maana kiduha kinapenda udongo uliochoka.

Mjukuu wako aendelee kupiga picha. Hiyo moja imeokoa shamba.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nasoma chuo Mtwara mjini, likizo niko kwetu Tandahimba. Nilipiga ua la zambarau pembeni ya bonde, nikaliweka kwenye apu mbili, moja ikanipa jina la mmea wa India, nyingine ikanipa majina mawili ya Afrika Kusini. Niamini ipi? Na kwa nini zinatofautiana?

Marahaba. Usiamini hata moja bado, ila usizitupe.

Hizi apu kama PlantNet na iNaturalist zimefundishwa kwa picha ambazo watu wameshaweka. Penye picha nyingi zinajua sana, penye picha chache zinakisia kwa kile kinachofanana zaidi na walichokiona kwingine. Sasa fikiria, kazi ya wataalamu ya kuandika mimea yote ya porini ya Tanzania, Kenya na Uganda ilianza kuchapishwa 1952 ikamalizika 2012, miaka 60, na wakafikia spishi, yaani aina za mimea, 12,104. Ngapi kati ya hizo zimepigwa picha za kutosha kule mtandaoni? Na ngapi zimepigwa Tandahimba? Apu inakupa India kwa sababu India watu wamepiga.

Kwa hiyo anza na familia, na familia unaijua kwa vitu unavyokula nyumbani. Ua la mbaazi unalijua, petali moja kubwa imesimama nyuma, mbili pembeni, mbili zimefungana chini, ukiona ua la porini limejengwa vile na linaacha ganda, hiyo ni familia ya kunde. Ua la bamia au choya, katikati stameni zote zimeungana zimekuwa bomba moja, ukiliona porini ni familia hiyohiyo. Alizeti, kile unachokiita ua ni mamia ya viua vidogo vimebanana kwenye kitako kimoja. Mrehani, shina lina pembe nne ukilizungusha vidoleni unalisikia, majani yanatoka mawili mawili yanatazamana, ua lina midomo miwili, juu na chini, na ukisugua jani mara nyingi linanuka.

Ua lako mimi naona midomo miwili, majani yanayotazamana na shina la pembe nne. Kwa hiyo naishia familia ya mrehani, na hilo ni jibu kamili kwa picha uliyonayo. Watu wanadhani kuishia kwenye familia ni kushindwa, hapana, jina la familia la kweli lina thamani kuliko jina la spishi la kubahatisha, maana la kubahatisha likishaingia kwenye kumbukumbu mwingine atalinakili, na wa tatu atalinakili kwa huyo.

Apu ikikupa jina, fanya jambo moja kabla hujalikubali: angalia mmea huo unaota wapi duniani. Kama ni wa Himalaya na haujawahi kuonekana Afrika, futa. Kama umeonekana Msumbiji na kusini mwa Tanzania, hapo sasa linganisha jani kwa jani. Pale iNaturalist ukiweka picha watu wengine wanaingia kutoa maoni, zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana kwenye spishi, na picha ikiwa na tarehe na mahali, rekodi inapanda daraja na inaweza kwenda kwenye hazina ya dunia ya takwimu za viumbe ambako watafiti wanachukua. Kwa hiyo picha yako ya Tandahimba inaweza kuifundisha apu yenyewe. Lakini ukiweka ua tu bila jani hakuna atakayejisumbua.

Mfululizo wangu mimi ni huu na nakusihi uuzoee uwe mwili wako: mmea mzima na mahali ulipo, halafu ua kwa mbele, ua kwa ubavu, ua kwa nyuma pale petali zinaposhikana na kikonyo, jani juu na jani chini, jinsi majani yalivyoshikana na shina, shina karibu na ardhi, na tunda kama lipo. Ua kwa nyuma watu hawapigi kabisa na sijui kwa nini, sepali, vile vijani vinavyoshika petali kwa nje, ziko kule! Tumia dakika tano kwenye mmea mmoja badala ya kupiga mimea ishirini ukikimbia.

Afu andika. Miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani Schlieben alizunguka Lindi akikusanya mimea, alifika mpaka Ziwa Lutamba, na mimea yake iliyokaushwa mpaka leo wataalamu wanaifungua na kuitumia, kwa sababu kila mmoja uliandikiwa ulipotoka. Ungekuwa bila maandishi ungekuwa majani makavu tu. Simu yako inaandika tarehe na mahali yenyewe ukiwasha GPS, wewe ongeza vile ambavyo simu haivioni, harufu, urefu wa mmea, utomvu mweupe upo au haupo, udongo wa kichanga au wa mfinyanzi, kivulini au juani, na wadudu gani walikuwa juu yake.

SWALI: Mjomba za saa hizi. Huku Nachingwea nimekuta okidi juu ya mti mkubwa, maua ya njano yana madoa ya kahawia, mengi sana, kishada kizima. Kuna mtu ananiambia yanauzwa bei nzuri mjini. Naweza kubandua kipande nikapande kwangu? Nimekutumia picha.

Salama kaka. Jibu ni hapana, na nitakueleza kwa nini maana nakuona umeuliza kwa nia njema.

Hiyo ni Ansellia africana. Picha yako inaonyesha miwa yake minene imesimama kwa fungu, na chini kuna kitu kizuri sana ambacho huenda hukukiangalia: mizizi myembamba meupe imesimama ncha juu, imekuwa kiota. Majani makavu yanaanguka kutoka juu yananaswa humo yanaoza, okidi inajipatia mbolea yake hapohapo hewani. Haiunyonyi mti hata kidogo, imekaa tu. Fungu kubwa kama hilo limechukua miaka mingi sana kufika hapo, na ukilibandua unakata mizizi hiyo, nyumbani linasinyaa pole pole mpaka linakufa, sana sana likichukuliwa na mtu asiyejua kulilea.

Halafu kuna sheria. Okidi zote duniani ziko kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori, kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa, na hii Ansellia yenyewe iko kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini, sababu kubwa ni hiyohiyo ya watu kubandua na kukata miti. Ukitaka kujua biashara inavyoumiza angalia nyanda za juu kusini, kule viazi vya okidi vinachimbwa vinapelekwa Zambia kutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda, kila kiazi kinachotoka ni mmea mzima umekwisha.

Wewe una kitu ambacho muuzaji hana, unajua mti ulipo. Rudi kila mwaka upige. Tumia zumu kutoka chini, au panda mwinuko wa jirani ulingane nayo, asubuhi jua likiwa nyuma yako. Na unapoiweka mtandaoni ondoa mahali halisi, kwenye mipangilio ya kamera zima GPS kabla, au tuma nakala isiyo na taarifa hizo, andika Nachingwea basi inatosha. Pale iNaturalist mimea iliyo hatarini huwa wanaificha wenyewe wanaonyesha eneo pana tu, lakini WhatsApp na magrupu ya kuuza maua hakuna wa kukufichia. Huyo aliyekuambia bei, usimwonyeshe mti.

SWALI: Habari Mjomba, mimi niko Lindi mjini. Nataka kufunga safari ya maua, nasikia Kitulo ndiyo penyewe. Hapa kwetu kuna nini?

Nzuri. Kitulo, kule nyanda za juu kusini, ni kweli, siwezi kukukataza. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanapaita Bustani ya Mungu, tambarare ya juu mita 2,600 hivi, aina za okidi za ardhini peke yake zinatajwa 45, na ukienda kati ya Desemba na Aprili unakuta nyasi zote zimechanua. Beba sweta, mtu wa Lindi kule atatetemeka.

Ila kabla ya Kitulo panda Rondo. Ni karibu kabisa na wewe, nyanda yenyewe inafika karibu mita 900, na ukitoka joto la pwani ukapanda ule mteremko unaona mimea inabadilika dirishani. Msitu wa hifadhi pale una viumbe ambavyo ni adimu duniani, akiwemo komba mdogo aliyepewa jina la Rondo lenyewe. Kuingia ndani ya hifadhi ongea kwanza na ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, upate kibali, usiingie kimya kimya, na ukipata mwenyeji wa kijiji cha jirani wa kukuongoza mlipe vizuri, anajua njia na anajua kilichochanua wiki ile.

Msimu wetu ni mmoja. Mvua za kwanza, Novemba kwenda Desemba, zina maua ya viazi na vitunguu pori yanayochomoza kabla ya majani, hasa pale palipoungua moto kiangazi, utakuta Scadoxus, tufe jekundu la mamia ya nyuzi limesimama peke yake kwenye majivu. Januari mpaka Machi ni vichaka na vipandaji, Gloriosa wa mwalimu wa Newala ndiyo wakati wake. Aprili mpaka Mei nyasi zimekuwa ndefu lakini matunda na mbegu zipo, na mtu wa kutambua mimea anayahitaji. Kuanzia Juni ukipita maeneo ya mikorosho kumbuka watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, unga ule wa njano unatua kwenye maua ya porini ya jirani na kwenye lenzi yako pia, ukikuta ua lina vumbi la njano kila mahali usiandike kwamba ni chavua.

SWALI: Mjomba, ninunue kamera gani ya maua? Nina laki tano.

Usinunue kwanza. Piga msimu mzima na simu, ukiona bado una hamu, tafuta kamera iliyotumika yenye lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, muulize fundi aikague shata na fangasi ndani ya lenzi maana unyevu wa pwani unaharibu sana lenzi. Kwa sasa nunua kilenzi cha kubana kwenye simu na stendi fupi, chenji inayobaki weka nauli.

Maswali ya wadudu wa kwenye maua yamekuwa mengi, nayaweka pamoja toleo lijalo. Mkituma picha tuma angalau nne za mmea mmoja, na ya jani iwepo.